Maelezo ya Picha

Vijana wameniletea makopo manne ya biskuti
yamejaa filamu za marehemu Mwinshehe Pazi.
Wanataka niandike chini ya kila picha:
nani, wapi, lini.
Kuna maonyesho, wanasema. Kutakuwa na juisi.

Lini naijua kwa rangi.
Mwaka ule wa foleni za sabuni
dawa ya kuoshea picha tuliipima kwa kijiko cha chai,
ndiyo maana zote zina ukungu wa kahawia pembeni.
Wapi, pia naijua. Hili geti la kiwanda cha nguo,
nguzo ya tatu imeandikwa USIKOJOE HAPA.
Hawa wanawake wa sokoni Ilala,
wamegeuza ndoo zao wamezikalia, hawaondoki ng'o,
na mgambo wanatazamana nani aanze.
Hawa makuli. Wameshusha magunia
na wamekaa juu yake, wanavuta sigara moja watu sita.

Lakini nani?

Wanangu, mnaniuliza nani
na makopo yote haya ni visogo.
Migongo. Kandambili. Mkono umeshika mkono.
Shati lenye kiraka begani, uzi wa rangi nyingine.
Mmoja wenu, huyo mwenye miwani, amesema kwa adabu
labda mzee alikuwa anachelewa kufika,
anakuta maandamano yameshampita.

Mwinshehe achelewe!
Mtu aliyekuwa akilala juu ya paa la choo cha kiwanda
tangu kabla ya adhana,
kamera kaifunga kwa kanga ya mkewe isipate umande.

Haya, kaeni. Hili msiliandike.

Picha yake ya kwanza kutoka ukurasa wa mbele
ilikuwa uso. Mfumaji, Chande Ligwanga,
mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama,
nyuma yake wenzake, unaweza kuwahesabu meno.
Mimi ndiye niliyeiosha. Iliibuka kwenye beseni
chini ya taa nyekundu, macho yakitangulia,
nikaduwaa, nusura iungue.
Mhariri alimpa mkono. Mji mzima ulinunua gazeti.
Meneja wa kiwanda naye alinunua.
Akachukua kalamu, akazungushia vichwa kumi na viwili
kama mwalimu anayesahihisha hesabu.
Jumatatu wakayakuta majina yao getini.

Chande alikuja ofisini na gazeti lile.
Hakutukana. Alilikunjua mezani
akauliza kama anaweza kupata nakala safi,
maana mama yake, huko Masasi, hana picha yake hata moja.

Mwinshehe alimwoshea mwenyewe.
Alikaa mle gizani mpaka nikabisha hodi.

Tangu siku hiyo akawa anazunguka nyuma ya watu.
Miaka ishirini na sita.
Mhariri akafoka: uso uko wapi? Nani ananunua visogo?
Naye: "Mgongo nao unasema, bwana. Ila hautaji jina."
Kazi ilimponyoka mara mbili.
Akafungua kijiduka Temeke, akawa anapiga picha za paspoti:
inua kidevu, mama, tabasamu kidogo.
Nyuso za ruhusa. Lakini akisikia watu wamekusanyika mahali
anateremsha mlango, mteja bado yuko kwenye kiti.

Majina? Ninayo.
Alinitajia usiku, moja moja, tukianika picha kwenye kamba.
Mtaniambia yamepita hayo, meneja yule alishakufa.
Amekufa, ndiyo. Lakini mameneja huzaa.

Nipeni hiyo kalamu.
Nitaandika: Ilala, mwanamke na ndoo yake. Anajijua.
Bandarini, wavuta sigara. Wanajijua.

Hii ya shati, iacheni hapa mezani.
Haiendi kwenye maonyesho.
Kiraka kile nilikishona mimi,
kwa taa ya kibatari, usiku wa kuamkia mgomo,
uzi mweupe uliniishia katikati
na mwenyewe akasema, wekea huo huo mwekundu,
nani ataniangalia mgongoni.