Chongo

Chama cha akiba kilitaka ziwa kwenye kalenda.
Nikapanda Bangwe na kamera ya mkopo,
nikapiga: maji, mbingu, basi.
Katibu akaigeuza picha kama mtu atafutaye bei nyuma ya kitambaa.
"Hizi," akasema, "ni kanga mbili kwenye kamba."

Miaka kumi na mmoja Mwanga, studio ya mlango mmoja,
nimepiga nyuso mbele ya shuka la buluu.
Masikio yote yaonekane. Usicheke. Kidevu chini.
Pasipoti haitaki umbali;
mtu hubandikwa kwenye shuka, akawa bapa,
akagongwa muhuri, akavuka.
Kina ningekijulia wapi?

Shangazi Nyamwiza anaanika dagaa Kibirizi.
Jicho la kushoto lilichukuliwa na mwiba wa mchikichi
mwaka ule ule aliochumbiwa.
Akaolewa hivyo hivyo.
Gwimo, mumewe, aliliita kengeza.
Tangu utoto namwona akimimina chai:
kwanza mdomo wa birika hugusa ukingo wa kikombe,
ting',
ndipo chai hushuka.
Nilidhani ni adabu ya kwao.

"Hilo kopo lako," akaniuliza, "lina macho mangapi?"
Nikamwonyesha lenzi.
"Moja! Kumbe ni ndugu yangu.
Na wewe ukaenda kuuliza watu wa macho mawili."

Alfajiri akanishika mkono hadi kwenye vichanja.
"Piga magoti. Unasimama kama mtoza ushuru,
ndiyo maana dunia inakulalia kama mkeka."
Nikapiga magoti, dagaa wakanijia puani:
wa kwanza mkubwa kama kisu, jicho wazi,
wa nyuma yake kidole,
na kule kichanja kinakochongoka, vumbi la fedha tu.

"Mtumbwi umemkata yule mtoto miguu, unaona?
Basi mtumbwi uko huku, mtoto kule. Anayeziba ndiye jirani.
Na milima ya Kongo imechujuka
kama kitenge kilichofuliwa na wake wenza watatu.
Umbali hufua rangi, mwanangu.
Ukiwa na shaka, fanya hivi" —
akapeleka kichwa huku na huku, kama kuku —
"cha karibu kitakukimbia, cha mbali kitakuandama."

Nikainua kamera. Akanishika bega.
"Bado. Hapo una mlango na chumba cha kulala.
Sebule iko wapi?"

Tukangoja. Jua likatoka mgongoni mwetu,
likaanza na vilele vya ng'ambo, likashuka polepole kama mgeni mwenye haya.
Moshi wa jiko la mtu ukapita, ukarudi.
Magoti yakaniuma; shangazi akachambua mawe kwenye dagaa
bila kuyatazama.
Kisha Butoyi, kijana wa mashine ya mawese,
akaingia majini hadi magotini na dumu la njano begani,
akielekea boti ambayo sikuwa nimeiona.

"Haya."

Katibu alisema inaingia ndani, hiyo, inaingia kabisa.
Akaiweka mwezi wa saba,
mwezi ambao moshi wa mbuga huificha ng'ambo yote
na mtu mgeni huapa hakuna milima.

Nakala moja nilimpelekea shangazi, imewekewa kioo.
Akaiegemeza juu ya debe la chumvi.
Akapita vichanja, akapita dumu la njano,
akafika kwenye rangi iliyofuliwa.
Huko ndiko Gwimo alikokwenda na nyavu mpya
mwaka nilioanza darasa la kwanza.
Shangazi alisimama pale pale penye vichanja
akamwona akiwa mtu, akiwa punje, 
kisha maji.

Akapeleka kichwa kushoto. Akapeleka kulia.
Hakuna kilichokimbia. Hakuna kilichoandama.
Akanyoosha kidole taratibu kuelekea milimani,
kwa uangalifu ule ule wa birika,

ting'.