Nilalie

Bi Thuraya hawezi kujilaza mbele za watu.
Amesimama na baibui lake, kiganja kiunoni,
katika duka la Ibra nyuma ya kituo cha petroli,
magodoro yamevishwa nailoni kama mikate,
na Biju, muuzaji, mtu wa Kerala, anangoja.
"Nilalie wewe, Mbeyu," ananiambia
kwa Kiswahili cha mamake, cha Unguja ya zamani,
anachokitoa kabatini siku ya haja.
"Kimo chetu kimoja. Ya uzito tuyaache."

Navua ndara.
Mwaka na miezi mitatu sijalala mchana.

La kwanza, sponji tupu:
nazama kama tonge mchuzini.
Biju anachuchumaa, anafumba jicho moja
kama fundi anayepima ukuta,
anausoma uti wangu kutoka ubavuni.
"Ndizi," anasema, kwa Kiarabu chake cha dukani,
na kidole kinachora ndizi hewani.

La pili nalijua kwa pua kabla ya mgongo:
makumbi.
Mtu kayafunga nailoni, kayapa bei,
yale aliyokuwa akiyafukia nyanya yangu Msambweni
hata yaoze, ayaponde, asokote kamba;
na kamba ikilegea kitandani
tuliwamba upya, yeye akivuta, mimi nikikanyaga.
Lakini hili gumu. Bega linalia, nyonga inalia,
kati hapo pamebaki pengo.

"Pitisha mkono," Biju anamwambia bibi,
maana wake yeye haufai kunigusa.
"Chini ya kiuno. Ukipita kama paka mlangoni, gumu mno.
Ukikwama, laini mno.
Tunataka upite kwa kubishana."

Mkono wake, wenye pete na hina ya arusi ya juzi,
ukaingia chini yangu,
ukagusa pale
ambapo kila ndoo, kila zulia lililolowa,
kila mtungi wa gesi hulala usiku.
Nikashtuka.
"Hapo?"
"Hapo."
Akanyamaza. "Basi na mimi ni hapo hapo," akasema,
polepole, kama mtu aliyekuta jina lake
katika barua ya mwingine.

La tatu lilikuwa la springi, kila moja na mfuko wake.
Nikalala ubavu, mto katikati ya magoti,
mkono ukapita kwa kubishana,
Biju akafumbua jicho.
Wakaanza bei. Mia na arubaini. Mia na kumi.
Mia na ishirini niliisikia kwa mbali,
toka ng'ambo ya usingizi.

Njiani akaniambia: "Lile kuukuu chukua wewe."
Nalijua lile. Ndimi niligeuzaye kila Alhamisi;
lina shimo la nyonga yake, miaka tisa ya shimo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
na maradhi yenyewe mgeni ayafutike kibindoni.
Likajaza chumba changu ukuta hadi ukuta.
Nikaliwekea chini mlango wa kabati bovu,
nikalala upande wa dirisha,
shimo nikaliacha wazi
kama mahali pa mtu aliyekwenda kunawa.

Usiku wa nne nikasikia ndara za bibi.
Akasimama mlangoni, kiganja kiunoni.
"Lile jipya halinijui," akasema.
"Mgongo nao huchelewa kuzoea," nikamwambia,
"lipe mwezi."
Hakulipa hata dakika. Akakaa ukingoni, akapapasa,
akalipata shimo lake kama mtu apataye swichi gizani,
akashusha pumzi, akalala.
Nikasogea ukutani.

Chumbani kwake taa ilikuwa ingali inawaka,
na lile la riali mia na ishirini
limejinyoosha peke yake,
haliumwi popote.