Kisima cha Tisa

Kwenye ramani ya halmashauri eneo hili lina rangi ya majivu,
ekari kumi na moja kati ya reli na ziwa.
Mchoraji amekwisha kupanda miti,
ameweka mama na kigari cha mtoto,
ameweka maghorofa manne yenye vibaraza vya kioo.
Mimi nimeweka chupa.
Chupa za kahawia, mia mbili na sita,
na kibandiko juu ya kila moja, kwa mwandiko wangu:
Lautaniemi, kisima cha kwanza, mita moja: majivu.
Kisima cha nne, mita mbili: vumbi la mbao, jeusi, bado bichi,
kana kwamba msumeno umenyamaza jana.

Msumeno ulinyamaza nikiwa darasa la sita.
Mibetula ikajiotea yenyewe katika nyufa za saruji,
ikafika kiunoni mwa mtu, ikasita.
Miaka thelathini inasita.

Baba alikuwa mchovyaji.
Mbao zilishuka kwa mnyororo, naye akizizamisha
katika birika la dawa ya buluu, zisiote ukungu melini.
Kucha zake zilikuwa buluu Krismasi, buluu Pasaka.
Mama alifua mashati yake kando, katika beseni lenye alama,
kisha akamwaga maji (wapi tena?) ziwani.

Bwana Sallamaa, meneja wa mradi, anapenda kufunika:
nusu mita ya udongo wa mfinyanzi, turubai, mchanga safi, nyasi.
"Aliyelala usimwamshe, Irmeli."
Funika kombe, mwanaharamu apite.
Lakini huyu hapiti, Bwana Sallamaa. Huyu anakaa,
na akitembea, anatembea na maji ya chini,
mita nne kwa mwaka,
kuelekea pale ulipochora watoto wanaogelea.

Nina risiti ya duka la dawa.
Baba aliichora nyuma yake, wodi ya mapafu, Februari,
mkono ukimtetemeka: hapa tanuri, hapa winchi, hapa
(akatoboa karatasi kwa ncha ya penseli)
mapipa. Usiku mmoja wa vuli. Msimamizi alishika taa.
"Walitupa kahawa," alisema,
akageukia ukutani.

Hakuna daftari la kampuni linaloyataja.
Nikahesabu hatua kutoka msingi wa tanuri, nikachomeka kijiti.

Leo kijiko cha mashine kimeyafikia.
Kumi na matatu, yamebonyea,
mengine yamebaki kutu tupu iliyokumbuka umbo la pipa.
Dereva, kijana wa kina Pukkila, akafunga dirisha la kibanda:
"Kitu gani hiki kinanuka?"

Nilikuwa na barakoa. Nikailegeza, upande mmoja tu,
jambo ninalowakataza wenzangu kila asubuhi.
Ikawa saa kumi na moja jioni, nina miaka mitano,
mlango wa jikoni, theluji kwenye buti,
mtu hajavua hata koti, ananinyanyua.

Nikaikaza barakoa.
Lori likafunikwa, likapimwa, nikaletewa hati:
tani kumi na tisa na kilo mia tatu, taka za hatari,
kwenda kuchomwa mbali.
"Sahihi hapa," akasema, "na hapa."
Nikaandika jina langu, kisha la baba,
kalamu ikigoma kwa baridi,
na lori la pili likaanza kurudi kinyumenyume, likilia.