Handaki la Akiba, Carlisle

Saa tisa usiku. Mvua inapiga bati
la chumba cha mitambo nyuma ya stesheni.
Nimevaa koti ndani; baridi ya humu
ni ya ruta, si yangu.

Ruta ilisema: niachie, nitajitafutia njia.
Ikanionyesha mbili, ya kijani na ya buluu,
zimepeana mgongo kwenye skrini kama ndugu waliogombana.
Lakini Routledge, aliyeunga kebo hizi tangu ana nywele,
aliweka kikombe cha chai juu ya ramani:
"Zote mbili zinalala bomba moja, chini ya daraja la Eden.
Mto ukipanda, msiba ni mmoja."
Ramani haikulijua hilo.
Lilijua goti lake, lililozama kwenye tope lile
mwaka wa mafuriko.

Basi nikaandika kwa mkono, kituo kwa kituo:
toka hapa, daraja usiliguse,
shika mashariki, Hexham, Newcastle,
panda Berwick, zunguka Edinburgh,
shuka Moffat, ujiunge na njia kuu
kana kwamba hukupotea.
Kila furushi litajitwika lebo mbili:
ya chini ni ya safari yake,
ya juu ni ya mchepuko, nguo ya kuazima,
huvuliwa kabla ya kufika.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakufanya zamu ya usiku.
Mimi nimeiona ikioza: handaki limeandikwa,
likasifiwa kikaoni, likasahauliwa,
na siku ya kuitwa halikuitika;
mtu alikuwa amebadili anwani moja tu, Hexham.

Kwa hiyo nimempigia Routledge, aliyestaafu
ng'ambo ya mto na hata hivyo halali.
Sauti yake inapita humu, chini ya kidole changu.
Ananieleza habari za mbwa wake aliyesusa chakula.
Nashika kebo.
Naivuta.

Taa nyekundu.

"...lakini jana kala kidogo," anasema, "maini."

Kati ya "kala" na "kidogo"
neno limekwenda hadi bahari ya mashariki,
limezunguka nusu ya nchi, likarudi
halina hata kikohozi.

Natazama ncha ya kebo mkononi, inavyong'aa
kama jino lililong'olewa.

"Haya," ananiuliza, "utaivuta lini?"