Kopo la Dagaa

Kuldīga, Februari. Theluji imefika kwenye kitasa
na mimi nimekula dagaa wa moshi siku tatu mfululizo,
si kwa njaa. Nahitaji kopo.
Bati jepesi, kifuniko kinachobana,
nafasi ya kutosha betri moja ya volti tisa,
chipu yenye miguu minane,
na rezista nilizozing'oa kwenye redio ya marehemu Visvaldis,
ambaye hakunipa ruhusa, wala hakuninyima.

Kipaza sauti chenyewe hakizidi punje ya mbaazi.
Nimekipachika kwenye ncha ya bomba la shaba
jembamba kama kalamu.
Kinasikia kila kitu, lakini husema kwa kunong'ona
kama shahidi anayemwogopa hakimu.
Kazi ya kopo ni kumwambia: paza sauti, bwana.
Usiongeze neno. Usimeze neno.
Mara ishirini, basi.

Jaribio la kwanza: mvumo.
Mmmmm, hamsini kwa sekunde, nyuki ndani ya jagi.
Nikalaumu waya. Nikalaumu waliotengeneza chipu.
Nikamlaumu jirani Zigfrīds na mashine yake ya kuchomelea,
kumbe yuko Riga tangu Jumapili.
Nikalehemu upya, nikaunguza kidole gumba,
saa sita za usiku nikazima taa ya mezani nikalale,
vidude vya kusikilizia bado vimo masikioni,

kimya.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Kikumulikacho je?

Asubuhi tukazitoa spika uani, mimi na mjukuu wangu Madara,
spika nilizoziunda kwa mikono hii
kwa ajili ya ukumbi wa kwaya.
Nje, kwa sababu kuta ni waongo:
neno ulilozipa hulirudisha na chumvi.
Theluji haina umbea. Ulichoiambia
kinaishia kwake.

Mlio ukaanza chini kabisa, ng'ombe kwenye zizi la mbali,
ukapanda, ukawa mtu anayeguna,
ukawa birika, ukawa filimbi, ukawa sindano,
ukaisha.
"Umeisha," nikasema, nikanyoosha mkono nizime.
Madara alikuwa ameziba masikio kwa glavu zote mbili.
"Bado, Babu.
Bado.
Bado."

Kwenye skrini mstari ulikuwa unakwea
pale pale niliposikia pumzi yangu tu.
Kilima. Si kilima, mlima,
na mimi ndiye niliyeujenga:
mwaka juzi nilisema spika hizi zimefifia,
nikazinoa, nikazinoa tena.
Wanakwaya wakasema asante.
Bi Austra wa sauti ya kwanza akahamia safu ya nyuma,
akasingizia upepo wa dirishani.
Watu wa hapa wana adabu ya kutisha:
watakuacha uwaumize miaka miwili
na kila Alhamisi wakumiminie chai.

Maisha yangu yote nimeamini sikio halipiti kichwa.
Leo limekipita.
Liko kwenye ncha ya bomba la shaba, mita moja mbele ya pua yangu,
lina umri wa wiki mbili,
na linanuka samaki.

Nikaongeza rezista moja kwenye njia ya sauti nyembamba.
Tukapima. Rezista nyingine. Tukapima.
Mlima ukawa tuta, tuta likawa uwanja.
Kwangu ilikuwa kama mtu ametandika blanketi juu ya muziki.
Madara akavua glavu.
"Sasa naweza kusimama hapa," akasema,
akasimama hapo, karibu kabisa na spika,
akila theluji.

Sikubishana na mstari. Sikubishana na mtoto.
Nikachomoa betri, nikafunga kifuniko.

Alhamisi nitazirudisha ukumbini.
Nitamwambia Bi Austra, sijui nitamwambia nini,
labda kwamba nimeziba dirisha.
Nitampelekea dagaa.
Nimebakiwa na makopo manne,
na kwa kazi hii lilitosha moja.