Karatasi ya Saba

Wiki tatu nachomeka pini kwenye vijiji vya watu.
Nyekundu: adui. Buluu: sisi.
Mkono haukutetemeka. Yalikuwa majina tu.

Leo Luteni Rautio amekunjua karatasi ya saba,
akaibana pembe kwa vikombe vya kahawa iliyopoa,
nami nikaona jina la kwetu
kwa herufi ndogo kuliko punje ya shayiri.

Huku Karelia mwezi Juni usiku hauna giza la kujifichia.
Saa sita, na bado nasoma bila taa:
kanisa, kinu, mto Hiisjoki, daraja la magogo.
Haukuchorwa mlango wetu unaokwama mvua ikinyesha,
niliomwahidi Lempi kuuranda tangu likizo ya Pasaka.
Hakuchorwa Airi, aliyeng'oka jino la kwanza
akanitumia barua na jino ndani,
barua ikafika, jino halimo.

Ile ya mwisho ina siku kumi na moja.
*Wanasema tuhame. Mama yako hataki.
Unga umeumuka, nani ahame na mkate haujaiva?
Na Heluna yu karibu kuzaa.*

Ng'ombe! Lempi, mwache ng'ombe!
Mfungulie zizi, mpige kofi la mgongo, aende zake.
Lakini namjua mke wangu:
atamvuta kwa kamba hadi Uswidi,
hatua kwa hatua, akimbembeleza,
na barabara yote ile yaonekana kutoka angani.

Pini nyekundu imefika kinuni.
Kutoka kinuni hadi kwetu ni mwendo wa sigara moja.

Simu inalia. Wapiga mizinga wanataka namba za daraja.
"Wewe si mtu wa huko?"
Ndiye mimi. Nguzo ya tatu ina ufa,
niliuona nikiwa na miaka tisa, nikipiga mbizi.
Nauliza: raia wamekwisha kuvuka?
Luteni anainua mabega. Yeye ni wa Viipuri;
tangu Jumanne hatamki jina la mji wake.

Nikataja namba. Zote sita, sahihi,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya chumvi.

Sasa nimesimama nje ya hema.
Mbu wananila, sisogezi mkono.
Natega sikio nisikie,
si mzinga, huo utajisikilizisha wenyewe,
bali kengele ya shingoni mwa Heluna,
maili arobaini kutoka hapa,
upande huu wa mto.