Kivuli cha Saa Sita

Likizo imeanza, na Mwalimu Farquhar
katuma karatasi nyumbani: hesabu za kiangazi.
Eti kiangazi! Nimevaa sweta,
nimetoka zamu ya usiku, kope nzito kama makasha,
na Sikudhani ananivuta mkono:
Mama, twende, jua lisije likaondoka.

Hapa Dundee jua halina haraka ya kulala.
Saa nne usiku bado linabarizi juu ya mapaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Lakini wenye nyumba ni mawingu.

Fimbo ya mita moja ameichomeka kwenye nyasi.
Kivuli: senti sitini na saba.
Mlingoti wa taa, kivuli mita nne.
Anagawanya, anafuta, anagawanya tena, ulimi nje:
mita sita, kasoro senti tatu.
Jirani, mzee Petrie, akaomba apimiwe mbwa wake.
Mbwa hakutulia, hesabu yake haikutimia.
Kisha ghorofa letu, lenye ngazi ninazozipanda na mifuko ya viazi
siku ambazo lifti imegoma:
mita thelathini.
Magoti yangu yalikwishajua.

Swali la mwisho:
chagua kitu usichoweza kukifikia.

Akaingia ndani, akatoka na picha ya ukutani.
Bibi yake, Korogwe, mbele ya duka la mafuta ya taa,
kanga kaifunga kifuani, macho kayafinya.
Akaweka rula miguuni pa Bibi,
akaigeuza picha huku, akaigeuza kule.
"Mama, Bibi hana kivuli."

Ilikuwa Machi, mwanangu, saa sita,
jua liko utosini.
Kivuli chote amekikanyaga.

"Basi ni sifuri. Na sifuri haigawi."
Akauma penseli.

Sikuwa na kanuni.
Nikavua viatu, nikasimama wima kwenye nyasi,
nikaweka kiganja hapa, chini kidogo ya sikio:
siku ya kuagana, ushungi wake uliniishia hapa.
Akavuta utepe toka ardhini hadi kwenye kiganja,
akapima mara mbili,
maana mkono haukutulia, kama yule mbwa.

Akaandika: Bibi, mita moja na nusu.
Na pembeni, kwa herufi ndogo,
mahali pa kuonyesha njia:
nimepima kwa Mama.